Paleti, mbao za zege au vipande vya Keko: fundi wa nyumbani achague zipi?

Anayetaka kujitengenezea rafu au kigoda nyumbani Dar es Salaam ana njia tatu za kupata mbao bila kupita dukani: paleti zinazotoka viwandani na bandarini, mbao zilizokwisha kufungia zege kwenye majengo, na vipande vinavyobaki kwenye karakana za samani kama zile za Keko. Zote ni za bei ndogo, nyingine hupatikana bure kwa kuomba vizuri. Lakini haziendi na vifaa vilevile, na hapo ndipo hela inapopotea. Mtu ananunua kwanza mashine ya mtumba, halafu anaanza kuitafutia mbao. Mimi nashauri uanzie upande wa pili. Tazama mbao zinazopatikana kirahisi mtaani kwako, kisha nunua kifaa kitakachozivumilia. Na mbao chakavu, zenye misumari, saruji na mchanga, karibu kila mara huvumiliwa na kifaa cha mkono.

Paleti

Paleti hupendwa kwa sababu inaonekana kama kazi iliyokwisha kuanzwa: mbao nyembamba, urefu mmoja, na ukizipiga msasa zinapendeza. Nyingi ni za msonobari au mti mwingine laini, hivyo hazisumbui randa. Paleti ya kiwango cha Ulaya ina urefu wa milimita 1200 na upana wa milimita 800, na mbao zake za juu zina unene wa milimita 22. Unene huo unatosha rafu ya viatu, sanduku la miche, hata chaga za kitanda.

Kabla hujaibeba, tafuta muhuri ubavuni. Paleti inayovuka mipaka ya nchi inatakiwa kufuata kanuni ya kimataifa ya ISPM 15, iliyopitishwa mwaka 2002 ili wadudu wa miti wasisafiri kwenda bara jingine ndani ya mbao za kufungashia. Muhuri huo una alama ya suke la ngano, herufi mbili za nchi ilikotoka, namba ya mtengenezaji, na herufi zinazoonyesha ilivyotibiwa. HT ni kwamba imepashwa moto mpaka kiini cha mbao kikafika nyuzi 56 za Selsiasi na kubaki hapo angalau dakika 30. Haijatiwa dawa, ichukue. MB ni kwamba imefukizwa kwa gesi ya methili bromidi. Iache, hasa kama unatengeneza kitu cha kukaa ndani ya nyumba.

Wengi wakishaona HT wanaridhika, na hilo halitoshi. Muhuri unazungumzia wadudu tu, hauzungumzii kilichomwagikia paleti ile ikiwa ghalani. Inuse. Itazame katikati, mahali mizigo inapokaa. Ikiwa na doa la mafuta, rangi isiyoeleweka au harufu ya dawa ya shambani, hata ikiwa na muhuri mzuri haifai kuwa rafu ya vyombo wala kitanda cha mtoto. Na zile zilizopakwa rangi ya bluu zenye jina la CHEP ni mali ya kampuni inayozikodisha, haiziuzi. Anayekuuzia hiyo anakuuzia mali ya mtu.

Ugumu wa paleti uko kwenye misumari yake. Imesokotwa au kuchongwa mifereji makusudi ili isichomoke foklifti ikinyanyua mzigo, kwa hiyo ukiing'oa kwa mtaimbo mbao hupasuka kabla msumari haujatoka. Njia ya haraka ni kukata mbao kando kidogo ya misumari, pande zote mbili, ukaacha ncha zimebaki kwenye gogo. Unapata vipande safi lakini unapoteza urefu. Njia ya subira ni kupenyeza kabari nyembamba ya mbao kati ya ubao na gogo, kuachanisha kidogo, kisha kuingiza ubapa wa msumeno wa chuma na kuukata msumari palepale. Kichwa kinabaki ndani ya ubao, unakisukuma kwa nyuma.

Ipi uchague? Inategemea unachotengeneza. Kitanda cha futi tatu na nusu kinahitaji chaga za sentimita 107 hivi. Ubao wa paleti wenye sentimita 120 unatosha ukikata misumari, lakini ukikata ncha zake haufiki. Kwa rafu ya viatu ya sentimita 80, usijitese, kata ncha.

Mbao za zege

Hizi ndizo chafu kuliko zote, na ndizo ninazompendekezea anayeanza. Zege likishakauka na mbao kuvuliwa, msimamizi wa ujenzi hubaki na lundo la mbao za moja kwa nane na mbili kwa nne (unene na upana kwa inchi) zilizokatwa vipande vya urefu mbalimbali. Nyingine zitatumika tena ghorofa ya juu, fupi huuzwa au huchomwa. Mzungumze naye mapema, wakati bado wanafunga nguzo, maana siku ya kuvua mbao kila mtu anakuwa na mpango wake.

Kwa nini nazipenda? Kwanza unene. Mbili kwa nne inatoa miguu ya benchi, ya meza, ya kigoda cha kukalia mtu mzima, jambo ambalo paleti hailiwezi. Pili, na hili ndilo kubwa, zimekwisha kukauka. Mbao nyingi laini tunazotumia Dar es Salaam zinatoka Nyanda za Juu Kusini, pande za Mafinga na msitu wa kupandwa wa Sao Hill wilayani Mufindi. Mara nyingi zinafika sokoni zikiwa bado na maji. Ukizitengenezea meza wiki hiyohiyo, zinaendelea kusinyaa zikiwa zimeshapigwa misumari: viungo vinalegea, ubao unajikunja, ufa unatokea katikati ya meza. Mbao iliyokaa kwenye jengo miezi kadhaa, ikalowa na kukauka na kulowa tena, imeshafanya fujo zake zote. Ikiwa leo imenyooka, ukiiweka ndani ya nyumba mara nyingi itabaki imenyooka. Iliyojikunja nayo inajionyesha wazi, unaiacha palepale.

Wasomaji wa Kenya hawahitaji kuambiwa sana. Kuanzia Februari 2018 ukataji miti katika misitu ya serikali ulipigwa marufuku, mpaka Rais William Ruto alipotangaza Julai 2023 kuiondoa marufuku hiyo. Katika miaka ile mbao mpya zilipanda bei, na kipande kilichotoka kwenye jengo hakikutupwa ovyo.

Uchafu wake ni wa aina mbili. Saruji iliyoganda ina mchanga, na mchanga unaua makali kuliko mti wowote. Kwa hiyo kwanza gongagonga kwa ubapa wa nyundo, kwangua kwa kipande cha bati nene, kisha brashi ya waya. Usiguse kwa randa mpaka uone nyuzi za mbao. Uchafu wa pili hauonekani: mafundi hupaka mbao oili chafu ya magari ili zege lisishike. Dondoshea matone ya maji kwenye ubao. Yakizama, uko salama. Yakikaa juu kama shanga, hapo kuna oili, na gundi haitashika wala vanishi haitakauka vizuri. Mara nyingi oili iko uso mmoja tu na haijaingia ndani sana. Randa uso huo mpaka maji yazame, au uelekeze ndani na chini ambako hakuna gundi. Mbao iliyoloa oili mpaka katikati haifai kuingia chumbani.

Katika lundo hilohilo hukosi vipande vya kijani kibichi vilivyobaki kwenye paa. Hizo ni mbao za dawa, na dawa yenyewe ina shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Kama ni kuezekea banda la nje, sawa. Lakini usizitengenezee meza ya chakula, kitanda, kihori cha mbuzi wala kiota cha kuku. Maranda yake usiyatandike bandani, na vipande vyake usivitie jikoni hata siku mkaa umeisha, kwa sababu moshi na majivu yake hubeba sumu hiyo. Tafadhali mwambie na anayekupikia, asije akaviona vimekaa pembeni akadhani ni kuni.

Vipande vya Keko

Mninga, mkongo, mtiki, mara mojamoja mvule. Karakana za samani hubaki na vipande vifupi vya miti ambayo ubao wake mzima ni ghali kwa wengi wetu, na mnunuzi wake wa kila siku ni mama lishe anayetafuta kuni. Ukifika mapema ukampa fundi bei inayozidi kidogo ile ya kuni, unachagua unachotaka.

Uzuri wake unaeleweka: havina misumari, havina saruji, vimekwisha pigwa randa upande mmoja au miwili. Mninga una sifa ya ziada, hausinyai wala kuvimba sana hali ya hewa ikibadilika, kwa hiyo kisanduku kilichotengenezwa Dar es Salaam kikipelekwa Dodoma kwenye hewa kavu mfuniko wake bado utafunga. Ubaya wake ni ufupi na ugumu. Mtiki una chembe za silika ndani yake zinazofuta makali, na mvule wakati mwingine huficha jiwe la chokaa ndani ya gogo, linakusubiri. Mti mgumu pia hausamehi msumari: usipotoboa kwanza, ubao unapasuka.

Vumbi lake linahitaji uangalifu. La mninga na la mvule huwasha pua na macho ya watu wengi, na wengine hubanwa kifua. Vumbi la mbao kwa jumla liliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 1995 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Piga msasa nje, upepo ukiwa mgongoni, umevaa barakoa. Watoto wasogee.

Kifaa cha mkono au cha umeme?

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa na uzito, kwa sababu kosa la mbao linakugharimu ubao mmoja, la kifaa linaweza kukugharimu kidole.

Chukua tukio moja: umebakiza msumari ndani ya mbao bila kujua. Randa ya mkono ikiugonga, kisu kinapata pengo. Unakitoa, unakinoa, unaendelea. Randa ya umeme ikiugonga, visu vinaweza kuvunjika vikiwa vinazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Msumeno wa mviringo wa umeme ukikutana na msumari unaweza kuruka nyuma kuelekea kwako, na mashine ya mtumba mara nyingi imeshapoteza kinga yake. Ndiyo maana nasema mashine chakavu na mbao chakavu visikutanishwe mikononi mwa mtu anayejifunza. Ukiwa na mbao mpya, safi, hoja inabadilika. Lakini hatuzungumzii mbao mpya.

Kuna jambo nitalisema bila kupunguza: msifunge kisu cha msumeno wa mbao kwenye grenda. Tunaliona mitaani kila siku na linaonekana la kawaida. Grenda inazunguka kwa kasi kubwa kuliko visu vingi vya msumeno vilivyoundiwa, haina kinga ya kazi hiyo, na kisu kikibanwa na mbao kinaruka kwenye paja au tumboni.

Anayependa umeme hata hivyo, asome kibandiko kabla ya kuuliza bei. Vifaa vya mtumba vinavyouzwa Gerezani Dar es Salaam, Gikomba Nairobi au Zanzibar huja kutoka nchi zenye umeme tofauti. Wetu Tanzania ni volti 230, wa Kenya 240, wote hezi 50. Mashine za maeneo ya ujenzi Uingereza hutumia volti 110 kupitia transfoma, na plagi yake ni ya njano, ya duara. Za nyumbani Japani ni volti 100, za Marekani 120. Ukikuta mashine imekatwa plagi yake ikafungwa nyingine ya kawaida, hiyo ni ya kuisoma kwa makini zaidi: ukiichomeka ukutani ikiwa ya 110, inaungua papo hapo. Zinazotoka Omani na Falme za Kiarabu zinaendana na umeme wetu. Baada ya volti, iwashe bila mzigo na uchungulie kwenye matundu ya hewa. Cheche chache za bluu ni za kawaida, pete nzima ya moto inaonyesha kaboni, vile vijiti vinavyopeleka umeme kwenye injini, zimeisha au injini imechoka. Zenye betri, usinunue kwa kutazama mashine, tazama betri. Kununua betri nyingine badala ya iliyokufa kunaweza kuwa ghali kuliko mashine yenyewe.

Vifaa vya mkono vinakaguliwa kwa macho na kucha, na hapo muuzaji hana cha kukuficha. Randa za chuma za Stanley na Record zilizotengenezwa Uingereza bado zinapatikana mitumbani. Namba 4 ndiyo ya kutafuta, kisu chake kina upana wa inchi mbili. Kutu ya juu isikutishe, inatoka kwa msasa na mafuta ya taa. Tafuta ufa kando ya mdomo, huo hauponi. Vuta kisu uone kimebaki kirefu kiasi gani. Patasi yenye rangi ya bluu karibu na makali imeunguzwa na grenda wakati wa kunolewa, chuma kimelegea, makali hayatakaa. Msumeno uinue machoni uufuate kwa urefu, uliojikunja uache. Ukiona meno meusi au ya bluu wakati mwili ni mweupe, hayo yamekomazwa kiwandani na tupa haiyakati, kwa hiyo yakiisha umeisha. Msumeno wa zamani wenye meno ya rangi moja na mwili ndio wa kununua, maana utaunoa kwa tupa ya pembetatu miaka na miaka.

Kunoa ndiko kunakomtenganisha anayeifurahia kazi hii na anayeiacha. Huhitaji jiwe la bei. Bandika msasa wa maji namba 240, 400 na 1000 juu ya kipande cha kioo kinene au kigae kilichonyooka. Sugua kwanza mgongo wa kisu uwe bapa, kisha makali kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30, mpaka uhisi kimkunjo chembamba upande wa pili, halafu kiondoe. Kisu kikinyoa vinyweleo vya mkono, kiko tayari. Randa iliyonolewa hivyo kwenye msonobari mkavu inatoa maranda marefu laini bila kuhangaika, na jirani wa chumba cha pili hasikii kitu. Kwa anayeishi nyumba ya kupanga, hilo la jirani nalo ni la kuhesabu, pamoja na la LUKU, umeme wa kulipia kabla.

Upo pia mlango wa tatu ambao watu wanausahau: mashine ya mwenzako. Pande za Keko na Buguruni wapo wenye mashine za kupasua na kuranda wanaotoza kwa kazi. Safisha mbao zako, zipitishe juu ya sumaku ya spika kubwa ili kugundua misumari iliyozama, kisha mpelekee azirande zote unene mmoja. Mwambie ukweli kwamba ni za zege. Akikataa, amekataa kwa haki, visu ni vyake.

Kuoanisha

Mpangaji mwenye chumba kimoja na kibaraza achukue vipande vya Keko na vifaa vichache vya mkono. Havijazi nafasi, havina uchafu wa kusumbua wengine, na vinatoa vitu vidogo vyenye thamani: trei, fremu, sanduku la vito, mbuzi ya kukunia nazi. Mbuzi naisifia hasa kwa sababu inakufundisha kutoboa tundu, kuchonga ulimi unaoingia humo na kusawazisha miguu ikae vizuri sakafuni.

Mwenye uwani achukue za zege. Kitu cha kwanza kiwe benchi la kazi lenyewe, miguu ya mbili kwa nne na uso wa moja kwa nane, jiriwa ikifungwa pembeni. Bila mahali pa kubana mbao, randa nzuri haisaidii. Baada ya hapo meza ya nje na banda la kuku. Kwa banda, paleti ndiyo rahisi kwa kuta, zege kwa nguzo.

Kitanda cha mtu mzima nisingekitengeneza kwa paleti peke yake. Tendegu na mbavu ziwe za zege safi au mbao mpya iliyokauka, paleti iingie kwenye chaga tu.

Hela ikiwa ya kununua kidogo kidogo, fuata mpangilio huu: msumeno, futi na skwea kwanza, kisha nyundo na mtaimbo mdogo, kisha randa namba 4, patasi ya nusu inchi na ya inchi moja, na msasa wa kunolea. Klampu mbili au jiriwa zifuate, kwa sababu gundi bila kubanwa haishiki. Kifaa cha umeme cha kwanza kiwe drili, maana kutoboa mkongo kwa kekee ya mkono kunachosha kweli, na drili haina ugomvi mkubwa na msumari uliojificha.